Mwenzangu Atakupigia

Asubuhi ambayo zahanati ilianza kuhudumia wagonjwa kwa timu, viti vitano viliwekwa kuzunguka meza ya chumba cha chai: cha daktari, cha muuguzi, cha mtu wa maabara, cha dada wa mapokezi, na kimoja cha ziada. Daktari alieleza kwamba kuanzia leo mgonjwa si wa mtu mmoja, ni wa wote. Muuguzi alibinua mdomo. Aliyajua masufuria ya wote yanavyolala bila kuoshwa.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa fundi cherehani mwenye kisukari, na kidonda kwenye unyayo. Mtu wa maabara alichukua usaha, akamwambia majibu yakitoka mwenzake atampigia simu. Daktari alisema vivyo hivyo kuhusu dawa. Muuguzi, akimfunga bandeji, naye alimtuliza.

"Usihofu, dada. Mwenzangu atakupigia."

Kesho yake, Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kile kiti cha ziada. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi. Pua yake ilikuwa ya daktari, masikio ya mtu wa maabara. Hakuna aliyeuliza ametoka wapi; walijiuliza katumwa na nani. Dada wa mapokezi aliapa kuwa ni jicho la makao makuu. Muuguzi alianza kufungia kikombe chake kabatini.

"Anatusikiliza huyo," mtu wa maabara alinong'ona.

"Mpe kazi," muuguzi alisema. "Mpelelezi na kazi haviivi chungu kimoja."

Wakampa kazi ya kuwapigia simu wagonjwa wote. Aliipokea kwa kuitikia kwa kichwa, na kikaoni daktari akamsifu.

Mchana mmoja muuguzi alimchungulia mlangoni. Mwenzangu alikuwa akibonyeza namba ya fundi, na vidole vyake vikapenya simu kama moshi. Akarudia, vikapenya tena. Muuguzi alifikiria kumwambia daktari. Kisha akahisi huenda huo ndio mtego wenyewe, wa kumjua mchongezi ni nani. Akaurudisha mlango taratibu.

Fundi alirudi akiwa ameshikiliwa na shemeji yake. Vidole vya mguu vilikuwa vyeusi, na harufu ilimtangulia ndani.

"Hata bafuni niliingia na simu," alisema. "Nani alikuwa anipigie?"

Wanne wale walitazamana kwa jicho la pembeni, kila mmoja akimpima mwingine. Kisha wote wakamgeukia Mwenzangu. Alisimama kwa adabu, akampa pole kwa sauti nne kwa mpigo.

Fundi aliipokea pole. Alisema hana ugomvi na huyu bwana. Huyo hakuwahi kumwahidi kitu. Akamtazama muuguzi.

"Wewe ndiye uliyenishika mguu."

Daktari alisema mguu hauponi tena. Aende hospitali kubwa, ukakatwe leo hii. Shemeji akauliza nani anaita gari la wagonjwa.

Muuguzi aliinamisha macho. "Mwenzangu anaita."

Mlangoni alikuwa ameshafika mwingine, wa kike, koti jeupe, kidevu kile kile cha muuguzi. Dada wa mapokezi, bila kuinua uso, alimsogezea kiti.