Gauni la Zambarau na Ngazi Sabini na Mbili

Ngazi zilikuwa sabini na mbili, na Mama Kola aliijua hesabu yake bila kuwahi kuzimaliza. Mkwe wake, fundi bomba, ndiye aliyezihesabu siku waliyohamia, godoro kichwani, akampigia simu mama mkwe wake kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Ghorofa ya nne, mama! Hewa safi, mbu hawafiki!"

"Sasa baba, kama mbu mwenye mabawa hafiki, mimi mwenye magoti haya nitafikaje?"

Kibanda kizima cha ushonaji kiliangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka kuliko wote. Bado kilikuwa kitu cha kuchekesha wakati huo.

Jina la Mama Kola alilipata kwenye cherehani. Mtaa mzima hakukuwa na fundi aliyeshona kola ya shati ikasimama kama yake; mwanamume akiivaa hata shingo inarefuka. Wachokozi walisema jina limetokana na soda, kwa kuwa chupa tatu kwa siku zilikuwa zake bila mjadala, na wachokozi nao hawakuwa mbali sana na ukweli. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu, sauti ya kuita watu kutoka barabara ya pili, na mwili ambao kiti cha cherehani kilikuwa kimeshaanza kuulalamikia.

Siku alipokwenda kumtembelea binti yake, alikwama kwenye ngazi ya kumi na tisa. Magoti yaligoma kabisa, moja baada ya lingine, kama watumishi waliopatana. Akaketi palepale. Waliokuwa wakishuka wakasimama juu, waliokuwa wakipanda wakasimama chini, na bwana mmoja aliyebeba mtungi wa gesi begani akawa anasema "hamna shida, mama, pumzika tu" kwa sauti ya mtu mwenye shida kubwa. Mwishowe mkwe alileta kiti cha jikoni, wakamkalisha, wakamshusha watu wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Walipofika chini, katoto ka jirani kakauliza, "Huyu anahamia au anahama?"

Safari hii Mama Kola hakucheka.

Na baada ya hapo ndipo lilipokuja jambo lenyewe. Binti yake alikuwa mjamzito wa miezi minne, na daktari alishamwambia atajifungua kwa upasuaji. Akisharudi nyumbani na kupandishwa polepole hadi juu, basi, hakuna kushuka wala kupanda wiki sita.

"Usiwe na wasiwasi, mama," binti alimwambia kwa upole, na upole ule ndio uliochoma. "Mama yake baba mtoto atakaa na mimi. Wewe tutakupigia simu ya video kila siku."

Mama yake fundi bomba alikuwa mwembamba kama sindano namba tisa, anapanda ngazi zile na ndoo mkononi huku anapiga soga na wa ghorofa ya pili. Mama Kola hakuwa na ugomvi naye. Lakini aliporudi kibandani alishona kola ikalala, jambo ambalo wateja wengine walilichukulia kama ugonjwa.

"Mjukuu wangu wa kwanza," alisema akiifumua, "nimwone kwenye kioo, kama taarifa ya habari?"

Kesho yake alikwenda kliniki. Akapanda kwenye mizani huku amefumba macho, akamwambia muuguzi, "Andika, usisome." Daktari akamweleza pasipo kuzunguka: shinikizo la damu limepanda, sukari inabisha hodi, na magoti hayajazeeka, yamechoka kubeba. Apunguze uzito, atembee, arudi baada ya miezi mitano.

"Na nyumbani ujipime kila wiki," daktari akaongeza.

"Daktari, mizani ni ya nyama na saruji. Mimi ni fundi. Gauni ndilo litakaloniambia."

Gauni lenyewe lilikuwa la zambarau, lenye mishono sita kutoka begani hadi chini, na lilining'inia nyuma ya mlango wa kibanda likisubiri harusi na sherehe. Alishonewa miaka kumi iliyopita na mwenzake wa kibandani, mwanamke aliyeitwa Mkasi. Mama Kola alishona mashati, Mkasi alishona magauni. Jina la Mkasi halikutokana na kazi. Lilitokana na ulimi. Habari ikiingia kwake haikukaa hata chai ipoe. Alikuwa mkondefu, lakini mvivu wa miguu sijapata kuona: duka la ng'ambo ya barabara alilifikia kwa kulipigia simu.

Sasa jambo la ajabu kuhusu gauni lile ni kwamba miaka yote kumi lilimkaa Mama Kola vilevile. Halikubana, halikupwaya. Mtu akithubutu kumwambia amenenepa, alilishusha kwenye msumari na kulivaa hadharani. "Haya, la miaka kumi hili. Nimenenepa wapi?" Mtu anabaki anakuna kichwa.

Basi akajiwekea ahadi ya siri: siku gauni la zambarau litakapompwaya, siku hiyo ndiyo atazikabili ngazi. Kabla ya hapo hathubutu. Kushushwa mara moja kama kabati kulimtosha. Siri hiyo hakumwambia mtu, na Mkasi ndiye aliyekuwa wa mwisho kabisa kwenye orodha ya wa kuambiwa.

Akaanza. Sukari kwenye chai, kwaheri. Soda, kwaheri ya machozi. Sahani kubwa akaipandisha juu ya kabati, akaanza kulia kwenye sahani ndogo, na wiki ya kwanza alilia kweli. Asubuhi alitembea kwa kuhesabu nguzo za umeme: siku ya kwanza nguzo mbili akarudi anahema, wiki ya pili nguzo tano, mwezi wa pili akafika pale nguzo zinapokata kona, akagundua kwamba baada ya kona kuna nguzo nyingine. Na kibandani akajipangia kanuni: kila kola ikikamilika, anasimama na kukaa mara kumi kabla ya kushika shati jingine. Wateja waliosubiri wakawa wanamhesabia kwa sauti. "Saba! Nane! Mama Kola unaibia, hiyo nusu!" Kibanda kikawa na watu kuliko kawaida, wengine hawana hata kitambaa, wamekuja kuhesabu tu.

Kila mwisho wa mwezi alimwambia Mkasi, kama kwa bahati tu, "Dada, nipigie pasi lile gauni, huenda nikaalikwa mahali." Mkasi analichukua, kesho yake analirudisha limenyooka. Mama Kola anajifungia nyuma ya pazia, analivaa, anajitazama.

Linamkaa. Mwezi wa kwanza, linamkaa. Wa pili, linamkaa. Wa tatu, wa nne, kama limechorwa juu yake.

Watu walimwambia amepungua. Akasema hao wanataka mashati yao haraka. Aliinama kufunga viatu bila kushika ukuta. Akasema ni ile dawa ya kuchua. Macho yake aliyaamini kwenye kitu kimoja tu, nacho kilining'inia nyuma ya mlango.

Jumatano, saa nne asubuhi, simu ikalia. Mkwe alipiga kelele kiasi kwamba haikuhitajika spika.

"Mama! Msichana! Kilo tatu na nusu!"

Kibanda kikalipuka. Wateja wakapiga vigelegele, Mkasi akatoka barabarani kutangaza, na kabla Mama Kola hajafuta machozi, muuza ndizi wa pembeni tayari alikuwa anampa hongera.

"Jumamosi tunarudi nyumbani," mkwe alisema. "Tutakupigia video, mama."

Jumamosi asubuhi Mama Kola alijifungia nyuma ya pazia na gauni lake, lililopigwa pasi jana yake. Alilivuta taratibu. Alifunga zipu. Akajitazama kwenye kioo upande huu, upande ule, akaingiza vidole kiunoni kutafuta nafasi. Hata kidole kimoja hakikupita.

Alitoka, akaketi, akasema kwa sauti ndogo, "Mkasi, niagizie soda. Ile kubwa."

Mguu wa Mkasi ukaganda juu ya kanyagio la cherehani. "Soda? Miezi mitano hujaigusa! Siku ya furaha namna hii?"

"Furaha ya nani? Siendi. Nitamwona kwenye simu."

"Kwa nini huendi, mwenzangu? Una nini?"

"Angalia hili gauni! Miezi mitano nimekula majani kama mbuzi, nimetembea mpaka mbwa wa mtaa wananisalimia, na gauni ni lilelile! Sijapungua hata uzi! Nikienda nitakwama kumi na tisa, nishushwe kwa kiti mbele ya mama mkwe wa mwanangu. Agiza soda."

Mkasi aliacha cherehani yake, akaja kulishika gauni ubavuni. Wateja wawili waliokuwemo waliapa baadaye kwamba hiyo ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akinong'ona.

"Hilo gauni," alisema, "ndilo ulilokuwa unajipimia?"

"Ndilo."

"Uuuwi! Mama yangu nimekufa! Mbona hukuniambia?"

"Nikwambie wewe? Si ningeisikia redioni!"

Mkasi akafunika uso kwa kipande cha bitana. "Dada, usinipige. Hilo gauni nililiachia kitambaa cha ziada ndani, kila mshono. Kila ulipoongezeka, mimi nikichukua kupiga pasi, nafumua, naachia kidogo. Sikutaka ukalivae siku ya sherehe likubane, uumie moyo. Miaka kumi, dada. Sijamwambia mtu!"

"Ulikuwa unaniachia?"

"Nilikuwa nakuachia. Halafu mwaka huu nikaona kwa macho yangu unapungua, nikaogopa. Nikasema, likianza kumpwaya atalifumua alipunguze, ataona matundu, atajua nilimficha. Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo nini?"

"Kwa hiyo nikawa nalipunguza. Kila mwezi. Hata jana."

Wateja wawili wakasogeza viti karibu. Kisha Mama Kola akanyoosha mkono. "Nipe wembe."

Alirudi nyuma ya pazia, akalivua, akatoka na kanga kifuani, akaligeuza gauni ndani nje na kulitandaza juu ya meza. Akakata uzi wa mshono mmoja wa ubavuni, sentimita chache tu. Kitambaa kikafunguka, na matundu ya sindano yakajitokeza, mstari kwa mstari, kama mtoto alivyopimwa urefu wake ukutani. Mistari ya miaka kumi ikielekea nje, hafifu, imezeeka. Na mistari mitano mipya ikirudi ndani, bado imetuna, na uzi wa ule wa mwisho unang'aa.

Mama Kola aliipitishia kidole. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Tano. Akazidisha kwa mishono sita, pande mbili, kama fundi anavyozidisha kichwani kabla mteja hajamaliza sentensi.

"Fumua yote," alisema. Sauti ilikuwa imeanza kupanda. "Mkasi! Fumua yote, rudisha ilipokuwa mwezi ule wa kwanza! Upesi!"

Hapo kila mtu akashika kazi. Mkasi mshono wa kulia, Mama Kola wa kushoto, wateja wawili wakakabidhiwa nyembe na kuonywa wasiguse kitambaa. Cherehani zikanguruma. Alipolivaa tena, gauni la zambarau lilimwangukia kama pazia la ukumbini. Aliweza kuzunguka ndani yake. Alizunguka kweli, mara mbili, watu wakapiga makofi, kisha akavuta futi yake ya kupimia shingoni na kujifunga nayo kiunoni kama mkanda.

"Twende!"

"Twende wapi, dada? Na mimi?"

"Wewe ndiye wa kwanza! Utanishuhudia, mwongo mkubwa wewe!"

Walipofika chini ya lile jengo walikuwa watu saba, kwa kuwa Mkasi njiani alieleza kila aliyekutana naye. Mama Kola alishika chuma cha pembeni. Kumi akazipita anaongea. Ya kumi na nane akanyamaza. Ya kumi na tisa akaitazama, ngazi ya saruji yenye ufa pembeni, akaikumbuka vizuri. Akaikanyaga kwa nguvu kuliko zote, akapita.

"Ishirini!" walipaza sauti nyuma yake.

Ghorofa ya pili akapumzika, pumzi kumi, si zaidi. Ya tatu jasho likamwingia machoni, goti la kushoto likauliza swali, akalijibu kwa kupanda. "Hamsini na nane! Mama Kola usiibie!" Milango ilikuwa inafunguka, watu wanatoa vichwa. Sitini na tano. Sabini. Moyo unagonga, lakini unagonga kama ngoma, si kama mlango wa polisi.

Sabini na mbili.

Mlango ulikuwa wazi. Mama yake fundi bomba alisimama pale amekunja mikono, anatabasamu mpaka masikioni. "Karibu, mwenzangu. Nilianza kusikia hesabu kuanzia ishirini, nikaweka maji ya kunywa. Lakini osha mikono kwanza."

Ndani, binti yake alikuwa ameegemea mito. Aliinua macho, akaona gauni, akaona futi, akaona ni mama yake, na hakuna kiti.

"Mama? Umepanda?"

"Kwa miguu hii hii, mwanangu. Nipe mtu wangu."

Wakamweka mikononi mwake. Alikuwa mwekundu, amekunja ngumi, ana mikunjo ya shingo ambayo hakuna kola duniani ingeweza kuinyoosha. Mama Kola alisimama naye katikati ya chumba, wala hakutafuta pa kukaa.

Kutoka chini, pengine ngazi ya thelathini, ikapanda sauti ya mwanamke anayehema kama pasi ya mvuke.

"Dadaaa! Nimekwama! Nimekaa chini! Niambie basi, anafanana na nani?"

Mama Kola alisogea mlangoni na mjukuu kifuani, akajibu taratibu ili asimshtue mtoto, lakini jengo zima lilisikia.

"Panda uone mwenyewe!"