Sifa Zilizonaswa Redioni

Tavengwa aliniletea redio ya gari la marehemu baba yake ikiwa imeviringishwa kwenye taulo. Aliing'oa mwenyewe, na nyaya zilining'inia nyuma kama matumbo ya kuku. Kaseti ilikuwa imekwama ndani. Kitufe cha kuitoa kilibonyea, lakini hakuna kilichotokea.

"Mjini kuna mafundi wenye vyeti," nikamwambia. "Kwa nini mimi?"

Shangazi yake, Rwisai, alikwisha keti juu ya ndoo yangu bila kukaribishwa. "Wa mjini akiikata kaseti tutakuwa na kesi naye. Jumamosi hatuwezi kuirudisha roho ya kaka yangu nyumbani huku tuna kinyongo na mtu. Wewe ukiikata ni utani tu. Nani amkasirikie mtani?"

Ni kweli. Ukoo wangu na wao ni watani tangu enzi za babu zetu. Siku ya mazishi ya Zivanai, baba yake Tavengwa, niliingia kaburini kabla yake, nikajilaza, nikatangaza kwamba kwa tumbo lile yangehitajika mashimo mawili. Mjane wake alicheka huku analia. Lakini mbele ya redio ile ningependa kuwa mtu wa kushtakiwa. Anayeshtakiwa hulipa, yakaisha.

Maana ndani ya kaseti ile Zivanai alikuwa ametaja sifa za ukoo wao wa Mhofu, babu baada ya babu. Jumamosi Tavengwa alitakiwa kuzitamka kaburini, mbele ya watu wote, ili roho ya baba yake imfuate nyumbani. Alikulia Johannesburg kwenye migodi, hazijui. Baba zake wadogo wamekwisha wote. Shangazi anajua mwanzo na mwisho. Katikati ilikuwa ya wanaume kuitamka. Na pombe ya ulezi ya siku hiyo ilikwisha anza kuchacha nyumbani kwao, mtaa wa Mkoba. Pombe haimngoji mtu.

Nikafungua skrubu, nikainua kifuniko.

"Polepole, mtani," alisema Shangazi.

"Sogea, unanizibia mwanga kwa sura yako."

Mkanda wa mpira unaozungusha mashine ulikuwa umeyeyuka ukawa kama lami. Kwa hiyo upande mmoja wa kaseti uliacha kuvuta, na utepe ukajizongazonga kwenye gurudumu dogo la mpira. Nikaufungua kwa kibanzi cha kiberiti, mzunguko mmoja mmoja, nikibana pumzi. Tavengwa alikuwa amesimama nyuma yangu, jasho lake linanidondokea shingoni. Sikumfukuza.

Mizunguko ya ndani kabisa ilikuwa imegandana na ile lami. Nikajaribu spiriti. Nikajaribu kucha. Kila nilipovuta, utepe ulitoka vipande vipande kama ganda la kitunguu.

"Kata," alisema Shangazi.

Nikachukua wembe, nikakata kipande kisichozidi kiganja, nikaunga ncha mbili kwa selotepu. Nikasafisha gurudumu, nikavisha mkanda niliouchomoa kwenye redio nyingine mbovu, nikaunganisha nyaya na betri na spika.

Zivanai akaanza kusema. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, lakini ni yeye. Tavengwa alishika ukingo wa meza. Babu wa kwanza akapita, na mlima wake. Wa pili, na mkuki wake. Kisha pakasikika mkwaruzo, na mara tukawa kwa babu wa nne, anavuka mto na ng'ombe zake.

"Wa tatu yuko wapi?" aliuliza Tavengwa.

Shangazi akanitazama. "Mtani, wewe ulikuwa ukikaa naye kila sherehe. Taja."

Nikafungua mdomo. Nilichokipata ni "Mla Mbegu" tu. Ndivyo tulivyowatania siku zote: kwamba babu yao huyo, mwaka wa njaa, alikula mbegu zote za kupanda. Kila Zivanai alipomfikia nilimkatiza kwa kelele, "Huyo Mla Mbegu!" Watu wakaangua kicheko, na jina lenyewe likazama humo humo. Baba yangu alimkatiza baba yake vilevile. Sidhani kama nilipata kulisikia hadi mwisho.

"Hata mimi nakumbuka kicheko tu," alisema Shangazi polepole. Akawaza. "Basi. Tavengwa, ukifika kwa wa tatu, vuta pumzi. Mtani atakukatiza kama kawaida. Watu watacheka, wewe utaendelea."

"Na mababu walioko chini je?" aliuliza Tavengwa.

"Wamezoea," nikasema.

Tavengwa hakucheka. Alikuwa akiitazama ile redio, pale mkanda ulipokuwa ukizunguka vizuri.

"Na wewe ukifa, mtani, nani atanikatiza pale?"

Shangazi aliinuka kwenye ndoo, akasema anakwenda kuangalia pombe. Hakwenda. Nikarudisha utepe nyuma, nikapunguza sauti, na Tavengwa akaanza kuzikariri sifa kufuatana na sauti ya baba yake. Kwa babu wa kwanza alikwenda vizuri. Kwa wa pili pia. Kisha akavuta pumzi, akanigeukia, akangoja.