Usingizi wa Mikidadi, Mlinzi wa Ghala

Mikidadi aliingia ofisini kwangu Nachingwea akiwa na barua mfukoni, na kabla sijamaliza kuandika jina lake alikuwa ameshaanza kukoroma.

"Mzee," nikamgonga goti, "hapa tunapima usingizi kweli, lakini hatujaanza."

Akashtuka, akapangusa mdomo. Mtu wa miaka hamsini na kitu, shingo nene kama kinu, macho mekundu. Barua ilitoka kwa bodi ya chama cha msingi kule Ruangwa, anakolinda ghala la korosho. Amekutwa amelala lindoni mara tatu ndani ya mwezi mmoja. Alhamisi ijayo afike mbele ya bodi, ajieleze kwa nini asifukuzwe.

"Miaka kumi na moja nalinda pale," alisema. "Haijapotea hata korosho moja. Na mchana nalala, dada. Nalala asubuhi mpaka alasiri. Lakini nikiamka ni kama nimetoka kulima ekari nzima."

"Kabila gani wewe?"

"Mmwera."

"Ndiyo maana. Sisi Wangoni tuliwakimbiza sana babu zenu. Uchovu mmeurithi."

Akacheka, mara ya kwanza tangu aingie. "Kumbe nimeletwa kwa mtani! Basi nimekwisha."

Kazi yangu ni hiyo, kupima usingizi. Nambandika mtu waya kichwani na kidevuni, namfunga mkanda kifuani, namwekea mpira mwembamba chini ya pua na kibanio cha oksijeni kidoleni. Akilala, mwili wake unajichora wenyewe kwa mistari. Kisha nakaa kwenye kompyuta naisoma mistari hiyo ukurasa kwa ukurasa, sekunde thelathini kila ukurasa, natia alama: hapa yu macho, hapa usingizi mwepesi, hapa mzito, hapa anaota. Hapa pumzi imekatika. Ikikatika sekunde tisa, siihesabu. Ikifika kumi, naihesabu. Kazi hii nilijifunza Dar es Salaam nikiwa nimeshafeli uuguzi mara mbili na ndoa mara moja, kwa hiyo niliishika kwa mikono yote.

Tatizo la Mikidadi lilikuwa saa. Chumba chetu cha kupimia hulalika usiku tu. Mchana ni kliniki ya watoto, na kwa vilio vile hata marehemu angeamka. Naye usiku yuko lindoni, na angekosa hata siku moja, bodi isingengoja hiyo Alhamisi. Nikampa kile kipimo kidogo cha kubeba, nikamfundisha mkewe Biasha kubandika waya, nikawaambia ajipime kwake Nandagala mchana akitoka kazini.

Jumatatu kipimo kikarudi. Nikafungua, nikaanza kusoma, na nikachanganyikiwa.

Katika saa saba za kulala kitandani, Mikidadi alikuwa amepata usingizi wa saa moja na nusu. Alishtuka mara kumi na nne. Lakini si kushtuka kwa mtu aliyekabwa. Anayekabwa huacha alama kwanza: pumzi inafifia, oksijeni inashuka, ndipo anaruka. Huyu alikuwa anapumua vizuri, halafu ghafla mistari yote inarukaruka kama kuku walioona kicheche. Nikampigia Biasha.

"Shemeji, jana saa tatu na dakika ishirini asubuhi kulitokea nini hapo kwenu?"

"Saa tatu na... Aa! Hapo alikuja bibi Hafidha na uji. Alisikia baba Yasmini kafungwa waya kichwani."

"Mikidadi akaamka?"

"Sasa angemwitikiaje akiwa amelala?"

"Na saa tatu na dakika arobaini?"

"Hao ni wa msikitini. Walisoma dua fupi tu."

"Saa nne kamili?"

"Shangazi zake wa Nambilanje. Walikodi bodaboda mbili, dada! Walisema mgonjwa wa waya hawajawahi kumwona."

Nikaweka kalamu chini. "Shemeji, kwa nini hukuwazuia?"

"Nimfukuze mtu aliyekuja kumjulia hali mgonjwa?" Sauti yake ilipanda. "Halafu hapa Nandagala nitaishi na nani?"

Alikuwa na haki.

Katika ile saa moja na nusu nilipata pumzi zilizokatika mara tisa tu, yaani sita kwa saa. Nikampelekea daktari wetu, Felisian. Akasoma, akatikisa kichwa. "Kwa karatasi hii, Prisila, huyu ni mtu anayekoroma. Siwezi kuiandikia bodi yoyote kwamba ni mgonjwa."

Jioni Mikidadi akapiga simu. Nikamweleza yote. Akasema polepole, "Mtani, na hizo za kushtuka kumi na nne, si uzihesabu tu? Nani atajua?"

Sitasema uongo: niliifungua ile faili tena. Alama kumi na nne, dakika tano za kazi. Mtu ana mke, ana binti sekondari, na hajawahi kumwibia mtu. Nilikaa na kidole juu ya kitufe mpaka kioo cha kompyuta kikazimika chenyewe.

"Nikizihesabu," nikamwambia nilipompigia tena, "utapewa mashine ya kutibu hodi."

Hakucheka.

"Sikiliza. Nakuja mwenyewe Jumatano, nakupima upya nikiwa hapo hapo. Lakini ujue, nitaandika nitakachokiona. Kama hakuna ugonjwa, karatasi yangu ndiyo itakayokufukuzisha kazi."

Akavuta pumzi. "Njoo," akasema.

Jumatano alipotoka lindoni alinikuta nimeshatandika vifaa vyangu kwake. Nikaanza kumpaka gundi kichwani.

"Mtani, una kichwa kama uwanja wa ndege wa Nachingwea. Sijui hata nianzie wapi kubandika."

"Bandika," akasema, "maana wewe ndege yako ilishaanguka zamani."

Saa moja asubuhi alikuwa amelala. Nikavuta mkeka barazani, nikakaa katikati ya mlango na kompyuta mapajani, waya mrefu ukiingia chumbani. Biasha akakaa ndani, kwa sababu yeye hakuweza kumzuia mtu. Mimi niliweza. Kwa nini mtani awepo duniani kama si kwa kazi kama hizi?

Wa kwanza alikuwa bibi Hafidha mwenyewe, na sufuria kichwani.

"Ho—"

"Hodi imepigwa marufuku, bibi," nikanong'ona. "Shikamoo."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mngoni."

Akanitazama juu mpaka chini. "Mngoni? Kakaa mlangoni kwa Mmwera?"

"Nimekuja kumalizia kazi waliyoiacha babu zangu. Huyu nimeshamlaza. Wewe zamu yako jioni."

Bibi akajiziba mdomo kwa khanga, mabega yakacheza. "Nitawaambia watu wote!"

"Waambie. Na atakayepiga hodi, hizi waya namfunga yeye."

Akaniachia uji, akaondoka akiyumba kwa kicheko. Kufika saa tatu habari ilikuwa imeshaenea. Watu walipita mbali, wananyata, wananipungia mikono kama niko ng'ambo ya mto. Shangazi mmoja alikuja mpaka kwenye ua, akanionyesha ngumi, akarudi. Kama Biasha angemwambia mtu neno moja kati ya yale niliyowaambia mimi, angesemwa mpaka msimu mwingine wa korosho.

Ndipo kukawa kimya, na ndipo nikaona.

Mikidadi aliingia kwenye usingizi wa ndoto, ambao siku ile ya wageni hakuufikia hata mara moja, na mstari wa pua ukalala. Mstari wa kifua uliendelea kupanda na kushuka, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayevuta mlango uliofungwa kwa nje. Nikahesabu. Sekunde kumi. Ishirini. Thelathini. Oksijeni ikatoka tisini na sita ikashuka, themanini na nane, themanini, sabini na tatu. Sekunde hamsini na mbili. Kisha likatoka koromo lililotikisa bati, mistari ikaruka, oksijeni ikapanda. Pumzi nne, tano. Mstari wa pua ukalala tena.

Biasha alikuwa ametoka na kusimama nyuma yangu.

"Ndiyo hapo anaponyamaza," alinong'ona. "Mimi hudhani amepumzika."

"Hapumui, shemeji."

Alikaa chini taratibu. Tukatazama pamoja. Kila mstari ulipolala, alishika mkono wangu, ulipoinuka, aliuachia.

Alasiri hiyo, kwenye mkeka ule ule, nilisoma kurasa mia sita za usingizi wa saa tano. Nilipofika mwisho nikarudi mwanzo na kuzipitia tena zile ambazo roho yangu ilitaka kuzihesabu. Mbili nilizifuta, zilikuwa sekunde tisa. Zikabaki mia mbili na kumi na tano, arobaini na tatu kila saa. Daktari Felisian akapokea faili kwa simu, akapitia kurasa zake, na usiku barua yake ikafika ikiwa na sahihi.

Asubuhi mwenyekiti wa bodi, bwana Rogath, aliisoma mbele ya wenzake wanne, akaikunja.

"Tunashukuru. Ila sisi ni wakulima. Mtu akilala lindoni, sisi tunaita uvivu. Huku kukatika pumzi ni kitu gani?"

"Mwenyekiti, una saa mkononi?"

"Ninayo."

"Toa pumzi yote. Sasa ziba pua na mdomo. Usiachie mpaka niseme. Mikidadi hufikisha hamsini na mbili."

Wenzake wakasogea. Mmoja akaanza kuhesabu kwa sauti. Kwenye ishirini Rogath alikuwa ametoa macho. Kwenye ishirini na sita akaachia, akashika meza, akihema kama aliyekimbizwa.

"Hiyo ni moja," nikasema. "Bado mia mbili na kumi na nne. Ukimaliza tukupe rungu na tochi, ukalinde ghala."

Hakuna aliyecheka isipokuwa Mikidadi, na yeye aliinamisha kichwa haraka. Walitutoa nje. Tulikaa kwenye magunia matupu karibu saa nzima, na kwa muda huo wote hakusinzia. Walipotuita, Rogath alimsemesha Mikidadi, si mimi. Lindo la usiku amwachie mwenzake. Yeye atakaa getini mchana, aandike magari yanayoingia na kutoka. Apate matibabu, kisha msimu ukiisha bodi itamwangalia upya.

"Getini nitakutazama kila siku," Rogath akaongeza.

"Nitazame, mwenyekiti," Mikidadi akasema.

Hospitali yetu ina mashine mbili za kupulizia hewa usingizini, za kuazimisha wagonjwa. Mashine moja ilikuwa imerudi. Nilimfunga barakoa yake puani, nikamwonyesha Biasha namna ya kuiosha, nikawaonya kwamba siku za kwanza zitawachosha. Zikawachosha kweli: siku ya pili aliivua usiku wa manane, na umeme ulikatika mara mbili. Kumbukumbu za mashine zilionyesha wiki ya kwanza mbovu, ya pili nafuu. Ya tatu, pumzi zilikatika mara nne kwa saa.

Jumamosi moja akanipigia, ana hasira.

"Mtani, hii mashine yako ina kasoro."

"Kasoro gani?"

"Inaleta ndoto! Miaka mingi mimi sioti. Sasa kila nikilala naota, tena ndefu. Jana tembo kanifukuza kutoka Nandagala mpaka karibu na Ruangwa mjini!"

"Akakushika?"

"Hakunishika. Nilikimbia njia nzima."

"Na ulipoamka, umechoka?"

Nikasikia gari likipiga honi getini kwake, na yeye akimwambia dereva angoje.

"Hapana," akasema, kama mtu anayekiri kosa. "Sikuchoka."