Ufunguo wa Ukurasa wa Tisini

"Usiniambie penseli iliteleza," Fundi alisema, kitabu kakishika wazi mbele ya pua ya jirani yake. "Penseli haina ubongo."

Jirani huyo, Msusi, kasimama mlangoni pake na kitana kimechomekwa nyweleni, akauliza kelele zote hizo za nini, kitabu si karatasi tu. Hapo akatia chumvi kwenye kidonda.

Karatasi tu! Wiki tatu Fundi ameshona sare za shule, shingo imekakamaa, vidole vimetoboka, akijiliwaza kwamba zikiisha atajifungia na hadithi hiyo: mauaji katika nyumba ya wageni, damu haimwagiki hata tone, mpelelezi ni ajuza anayependa chai kuliko bastola. Kundi lao la wanawake wanne lilikuwa na desturi moja. Kila msomaji akifika ukurasa wa tisini husimama, akaandika kwa penseli anamshuku nani na kwa nini, ndipo aendelee. Kitabu kikishazunguka, hukutana wakachekana hadi mbavu ziume.

Jana Fundi alifika tisini. Mwenzao muuza dawa alimshuku daktari. Mkutubi alimshuku mjane. Msusi aliandika: "Mpishi. Ufunguo umo ndani ya birika."

Ufunguo gani? Kurasa zote tisini hazikutaja ufunguo. Fundi akafunua mbele kwa pupa hadi mia mbili na kumi, na huo hapo: ufunguo, birika, mpishi analia. Utamu umeisha kabla ya kumezwa.

"Ulikimaliza kwanza, ukarudi nyuma kuandika ujifanye mjuzi," alisema. "Umenilia uhondo wangu mchana kweupe. Nipe vitabu vyangu vyote. Mimi na kundi basi."

Msusi alikana. Akaapa. Akamsingizia muuza dawa kwamba ndiye aliyemdokezea. Kisha akachoka.

"Vitabu sita sijapatia hata kimoja," alisema. "Na kila nikikosa, wewe ndiye unayecheka mpaka wateja wangu wananiuliza kulikoni. Nani alinibandika jina la Inspekta?"

Jina hilo Fundi ndiye aliyelitunga. Tena alilipenda. Hasira haikumtoka, iligawanyika, nusu ikamgeukia mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyomuwasha zaidi.

Msusi aliingia ndani, akatoka na vitabu vimefika kidevuni, kila kimoja kakivika jalada la gazeti. Akavibwaga kizingitini. "Haya, beba."

Fundi alivitazama. Muuza dawa husoma kurasa mbili akasinzia. Mkutubi huongea kana kwamba maneno yanauzwa. Hao ndio angebaki nao.

"Virudishe ulikovitoa, mwenzangu," alisema, bado kafura. "Nina hasira nawe, na sijamaliza. Ila wali umeiva, na siwezi kula peke yangu na maneno yote haya kifuani. Chomoa hicho kitana, njoo kwangu ule."