Zamu ya Kesho

Damu huzama mchangani upesi kuliko maziwa. Watu hawaniamini nikisema hivyo, hasa hawa wajukuu zangu wanaodhani kila kitu kimeandikwa kwenye simu. Lakini mimi nilikuwa nimepiga magoti pale pale, uso karibu na ardhi, na niliona kwa macho yangu. Maziwa ya chombo kimoja walichopindua askari yalikuwa bado yametuama kwenye mchanga, nzi wameyavamia, na damu ya mzee Guleid ilikuwa imeshanywewa yote. Lilibaki doa jeusi tu, kama mahali mtu alipomwaga chai.

"Wewe binti," afande akasema. "Nasikia wewe ndiye unayejua Kiswahili. Simama."

Nikasimama.

Mama yangu, hooyo, alikuwa ameketishwa mbele yake. Mkono wa kushoto alikuwa ameupakata kama mtoto mchanga, maana askari mmoja alikuwa ameshauvunja kwa kitako cha bunduki. Nyuma yetu wanawake wote wa kijiji walikaa chini juani na watoto wao. Nyumba kadhaa zilikuwa zinawaka, na moshi wa mikeka unakaba koo kuliko moshi wa kuni.

Afande alikuwa kijana. Alivaa miwani, na alizungumza kwa utaratibu kama karani. Hilo ndilo lililonitisha. Mtu anayepiga kelele atachoka, lakini yule hakuwa na dalili ya kuchoka.

"Nitakuuliza polepole, nawe umfasirie mama yako polepole," akasema. "Nyumba yake ina watu wawili, yeye na wewe. Ana ng'ombe mmoja. Huyo ng'ombe nimemtazama mwenyewe, kiwele kimekauka. Lakini alfajiri ya leo tumemkamata langoni na punda aliyebeba vyombo vya maziwa vimejaa hadi shingoni. Ng'ombe mkavu, maziwa ya kulisha kikosi cha shifta. Mambo hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Lipi uongo?"

Wallahi nilikaribia kucheka. Mama yangu yuko chini ya bastola, nami nataka kucheka! Kwa sababu swali lile nililijua. Nilikuwa nimelala nalo na kuamka nalo miezi mizima.

Niwaeleze. Huo ulikuwa mwaka wa sitini na sita, na mimi Nafiso nilikuwa na miaka kumi na saba. Nilikuwa najiandaa kwa mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, na mtihani wenyewe ulikuwa kesho yake, mchana, mjini Garissa. Mtihani ule ulikuwa na sehemu moja iliyowaangusha watu kama mbuzi wa Idi. Unapewa mambo mawili yanayopigana, kisha unaambiwa uchague maelezo yanayoyapatanisha. Mwalimu wetu, Musyimi, Mkamba wa Kitui mwenye sauti ya kuamsha wafu, aliandika ubaoni: Serikali ilichimba visima vingi vipya. Mwaka huo huo mifugo mingi zaidi ikafa.

Wavulana wakakimbilia jibu. Mmoja akasema visima havikuwa na maji. Mwalimu akamrushia chaki. "Nani kakwambia? Umeambiwa visima vipo, umeambiwa mifugo imekufa. Huna ruhusa ya kumwita mtu mwongo hapa!" Mwingine akasema kulikuwa na ugonjwa. "Sawa, umeeleza vifo. Na visima umevitupa wapi? Jibu linaloeleza upande mmoja ni nusu ya jibu, na nusu ya jibu ni sifuri."

Mimi nikanyoosha mkono. Nikasema watu walihamia visimani na wanyama wao wote, hawakuondoka tena, nyasi zikaisha. Ng'ombe walikufa matumbo yamejaa maji.

Mwalimu Musyimi alinitazama, akawatazama wavulana, akasema, "Mmesikia? Yote mawili ni kweli. Ametafuta la tatu." Tangu siku hiyo nilitembea kama mtu aliyeshinda vita.

Vita vyenyewe navyo, vya serikali na waasi iliowaita shifta, vilikuwa mlangoni. Serikali ilikuwa imetukusanya kutoka malishoni na kututia kwenye kijiji kilichozungushiwa senyenge, kando ya mto, mwendo wa asubuhi moja kutoka mjini. Lango moja, askari langoni, kutoka kwa ruhusa na kurudi kabla ya jua kuzama. Ngamia waliobaki nje walipigwa risasi. Siku iliyotangulia, lori la jeshi lilikanyaga bomu barabarani. Miili ya askari ililetwa chini ya turubai, na usiku kucha tuliwasikia wenzao wakiimba nyimbo za kanisani. Asubuhi wakatuingilia. Kuna mmoja, askari wa langoni, alikuwa analia huku anapiga. Machozi yanamtiririka, na rungu linashuka. Mpaka leo sijui nimchukie vipi yule.

Mzee Guleid ndiye aliyejaribu kwanza kusema. Alikuwa mchinjaji, Kiswahili chake alikiokota Isiolo sokoni. "Afande, bana," alisema, mikono juu. "Hii si ya shifta. Hii maziwa ya zamu. Wanawake nafanya hivi toka zamani." Askari akampiga kitako cha bunduki mdomoni. Guleid akataka kumalizia sentensi yake, maana alikuwa mtu wa kumalizia maneno, akapigwa tena kwenye paji la uso. Akaanguka kando yangu. Wakampiga hata baada ya hapo, ingawa hakukuwa na haja. Ndiyo ile damu niliyowaambia.

Kwa hiyo wanawake wote walijua bei ya kufungua mdomo, na mimi niliijua.

Lakini swali nililijua pia.

"Hakuna uongo hata mmoja, afande," nikasema. "Ng'ombe ni mkavu, na vyombo vimejaa. Yote mawili ni kweli."

Akavua miwani. "Endelea."

Nikamweleza. Nikamwambia kwamba humu ndani hakuna mwanamke mwenye maziwa ya kuuza. Huyu ana kikombe, yule ana nusu kikombe. Ukipeleka kikombe mjini umepoteza siku na viatu. Kwa hiyo kila alfajiri nyumba zote zinakamua na kumpelekea mwanamke mmoja, naye anayabeba mjini, na kitakachopatikana ni chake peke yake. Kesho yake ni mwingine. Hivyo ndivyo tulivyonunua unga, hivyo ndivyo nilivyopata sare ya shule. Sauti yangu ilitoka imenyooka, kama niko darasani. Naona fahari kusema hivyo, na naona kinyaa pia.

Afande akavaa miwani yake tena. Akamgeukia hooyo. "Muulize, maziwa haya ni ya nani?"

Nikauliza kwa Kisomali. Hooyo akajibu bila kuinua uso, "Yangu. Yote."

Afande akacheka. "Binti, wewe umesema ni ya wanawake wote. Mama yako anasema ni yake peke yake. Nyie mngepatana kwanza kabla ya kudanganya."

"Yametoka kwao, afande. Lakini leo ni yake. Ndiyo maana ya zamu."

Nikaona limemwingia. Nawaapia, niliona kabisa, kama unavyoona mtoto anapoelewa hesabu. Alikuwa mtu wa kusoma, na jibu lilikuwa zuri. Nikafikiri, alhamdulillahi, tumepona. Nilikuwa mjinga. Katika mtihani, anayeuliza anataka jibu.

"Vizuri," akasema. Akatoa bastola, akaiweka kwenye sikio la hooyo, taratibu, kama mtu anayeweka glasi mezani. "Kama zamu ipo, basi kesho ina mwenyewe. Kesho ni zamu ya nani? Asimame aniambie mwenyewe. Asiposimama, zamu haipo, na mama yako analisha shifta."

Nilifasiri kwa sauti, kila mtu asikie. Hakuna aliyetikisika. Mtoto mmoja alikohoa, mama yake akamziba mdomo.

Nilijua kesho ni ya nani. Sote tulijua. Kesho ilikuwa ya eeddo Rukiyo, yaani shangazi, kama tulivyomwita.

Na Rukiyo, kati ya wanawake wote duniani, ndiye ambaye hangesimama kwa ajili ya hooyo. Tangu mvua zilizopita hawakusalimiana. Hooyo alikuwa amemrudishia maziwa yake mbele ya watu, akisema chombo hakikufukizwa moshi vizuri na yananuka. Kwetu hilo si jambo dogo. Ni kama kumwambia mwanamke kwamba nyumba yake ni chafu mpaka kitandani. Rukiyo aliapa hatatia neno lake katika sikio la mama yangu tena. Maziwa yaliendelea kupita kati yao kwa sababu zamu ni zamu, lakini yalibebwa na Arbia, binti mdogo wa Rukiyo, akiyaweka mlangoni na kukimbia.

"Hooyo," nikanong'ona, "nimtaje?"

"Ukimtaja mtu hapa, wewe si mwanangu," akasema. Bastola iko sikioni, na anasema hivyo kama ananikataza kugusa sufuria la moto.

Afande akavuta kile chuma kidogo cha nyuma ya bastola. Kikalia.

"Ni yangu."

Rukiyo alikuwa amesimama. Alikung'uta mchanga kwenye nguo yake, akamkabidhi Arbia kwa jirani, akaja mbele akipita katikati ya watu kama anayekwenda kugombana. Akasimama kando ya hooyo bila kumtazama.

"Mwambie huyu," akaniambia, "kesho ni yangu. Na mwambie mwanamke huyu simpendi. Alinitukana, na sijamsamehe. Singesimama nikasema uongo kwa ajili yake. Lakini leo maziwa ni yake, na kesho ni yangu, na wanaosema ni ya shifta ni mbwa."

Nikafasiri. Neno la mwisho nililiacha.

Afande akatutazama sote watatu. Akaiondoa bastola kwenye sikio la hooyo. Pumzi ilinitoka, nikahisi mkojo wa moto kwenye miguu yangu na sikujali.

"Nimeelewa," akasema. "Umenieleza vizuri sana, binti. Kila siku anatoka mmoja. Leo huyu, kesho yule, kijiji kizima mko ndani. Ningemkamata huyu peke yake, maziwa yangetoka tena kesho."

Jibu lake nalo lilipatanisha kila kitu. Ng'ombe mkavu, vyombo vilivyojaa, adui aliyesimama kumtetea adui. Hakuacha hata kimoja nje. Mwalimu Musyimi hakuwahi kutufundisha la kufanya pale majibu mawili yanapoenea sawasawa na mmoja wa watahiniwa ana bastola.

"Basi kesho haipo," akasema, akampiga Rukiyo risasi ya kifua.

Hakuanguka mara moja. Aliketi kwanza, kwa heshima, kama mgeni anayekaribishwa mkeka. Kisha akamlalia hooyo begani, na hooyo akamshika kwa ule mkono mmoja mzima. Akamwambia sikioni, "Rukiyo, yalikuwa mazuri. Maziwa yako yalikuwa mazuri, wallahi, nilikuwa na hasira tu." Sijui kama alisikia. Damu ilikuwa inatoka mdomoni kwa mapovu. Hooyo aliendelea kumwambia hivyo hivyo muda mrefu, mpaka askari walipomvuta.

Waliondoka adhuhuri. Waliwapiga risasi ng'ombe waliokuwa karibu na lango, wakachoma nyumba walizotaka, wakawaacha wale askari wa langoni peke yao. Tuliwazika Guleid na Rukiyo kabla ya jua kuzama, ndani ya senyenge, maana ruhusa ya kutoka hatukupewa.

Watu huniuliza kama najilaumu kwa kujibu. Nijilaumu mimi? Si mimi niliyeshika bastola. Nilijibu swali, na jibu lilikuwa sahihi, na nitasema hivyo hata mbele ya Mola wangu. Aliyeua ni aliyeua. Kinachoniuma ni kwamba nilipoona limemwingia, nilifurahi. Kwa dakika moja nilimpenda yule mtu, kama mwanafunzi anavyompenda msahihishaji.

Alfajiri nilisikia nyayo nje. Nikadhani wamerudi. Nikachungulia, nikawaona wanawake. Wanakuja mmoja mmoja na vikombe vyao, na waliokuwa wamebakiwa na mbuzi tu walileta ya mbuzi. Mwingine uso wake ulikuwa umevimba hata haoni, anaongozwa na mwanawe. Hakuna aliyekuwa ameitwa. Walipita nyumba yetu, wakaenda hadi palipokuwa nyumba ya Rukiyo, na mbele ya Arbia aliyekaa kwenye majivu na vyombo vitatu vya mama yake vilivyopona, wakamimina.

Hooyo alitoka, mkono umefungwa kwa vijiti na kitambaa. Hakuwa na cha kumimina. Alitazama vile vyombo, akainama, akavinusa kimoja kimoja, akaviziba.

"Funga punda," akaniambia.

"Hooyo, leo ni mtihani."

"Najua. Njia ni ile ile."

Nikafunga punda. Arbia nikampandisha juu. Langoni alikuwapo yule askari aliyelia jana, macho mekundu, bunduki begani. Alisimama mbele ya punda, akaweka kiganja juu ya chombo, akakiona bado kina joto.

"Maziwa ya nani haya?"

"Ya Rukiyo," nikasema.

Alimtazama mtoto. Kisha akatazama mtoni, akafungua lango.