Mpini wa Kimo cha Kesari

"Simama wima, Mama Rajjo. Usijikunje."

"Nani anajikunja? Hivi ndivyo nilivyo. Tangu unioe nimeinama, leo unataka niwe mlingoti?"

Ompal alicheka. Alimwekea mkewe kipande cha bomba mbele ya tumbo, akakipandisha, akakishusha, mpaka viwiko vya Kesari vikatulia ubavuni bila kunyanyuka. Hapo akachora alama ya chaki ukutani. Kesari akaanza kukohoa. Kikohozi chake hakikuwa cha kuja na kupita. Kikimjia kilimshika mbavu na kumkunja hadi paji la uso likakaribia magoti, na mumewe alibaki amesimama na bomba lake mkononi, akingoja kiishe, kwa kuwa hakuna lingine alilojua kufanya.

Daktari wa zahanati alikuwa amesema bila kuzunguka: huyu mama vumbi limemjaa kifuani, aache vumbi au vumbi litamzika. Maneno mazuri hayo, kwa mtu aliyekalia kiti. Kazi ya kufagia barabara Kesari aliirithi kwa mama mkwe wake, naye mama mkwe aliirithi kwa wake, na chumba walicholala kilikuwa cha manispaa, cha mfagiaji. Akiacha ufagio leo, kesho godoro lao liko nje. Basi Ompal akawaza kwamba ikiwa mtu hawezi kuliacha vumbi, labda kuna njia ya kulifanya vumbi limwache mtu.

Yeye mwenyewe alizaliwa katika uchochoro huohuo wa wafagiaji wa Bhairpura, watu wa tabaka la chini kabisa, lakini tangu utotoni alikuwa akishinda kwenye karakana ya baiskeli ya fundi Harbans mpaka wakamzoea. Sasa alikuwa fundi, na fundi mzuri. Chai aliinywa hapohapo na wenzake, ila kwa glasi yake mwenyewe, iliyotundikwa msumarini nje ya mlango, na aliiosha mwenyewe. Hakuna aliyemwambia aitundike pale. Hakuna pia aliyewahi kumwambia aiingize ndani.

Mashine aliijenga kwa vilivyotupwa. Magurudumu mawili ya baiskeli, ekseli moja, cheni, na brashi nene ya mviringo aliyoisuka kwa njiti za minazi zilezile za ufagio wa mkewe. Ukisukuma, magurudumu yanazungusha cheni, cheni inazungusha brashi, na brashi inazoa taka na kuzitupia ndani ya debe la mafuta ya haradali lililokatwa tumbo. Kwenye brashi alifunga gia ya nyuma ya baiskeli, ile inayozunguka bure mtu akiacha kukanyaga pedali, ili Kesari akiivuta kinyumenyume asipigane nayo.

Siku ya kwanza kuijaribu ilikuwa aibu tupu. Brashi ilizunguka kwa kasi mno, vumbi likapanda hadi madirishani, watoto wakakimbia wakipiga kelele. Chanderkali, mke wa kaka yake Ompal, aliyefagia barabara moja na Kesari, alitoka ndani akijipangusa macho.

"Shemeji! Umetengeneza ufagio au kimbunga? Nilikuwa nimeoga mimi!"

"Wewe kuoga? Basi kweli leo kuna miujiza."

"Cheka tu. Mkeo hata kukohoa kumemshinda, maana mdomo umejaa mchanga."

Lakini Kesari hakuwa akicheka, na Ompal alimwona. Usiku ule hakula. Kesho yake alibadilisha gia akaweka kubwa zaidi, brashi ikapunguza wazimu. Akakata tyubu kuukuu, akaifunika brashi pande zote kwa sketi ya mpira iliyogusa chini. Nyuma ya sketi akaning'iniza gunia la kuloweshwa maji, la kunasa lile vumbi jembamba ambalo jicho halilioni na kifua hulijua. Ubavuni akaongeza kibrashi kidogo cha kuchokonoa ukingo wa mtaro, ili mtu asilazimike kuinama hata mara moja. Mwisho akachomelea mpini, kwenye alama ile ya chaki, na Kesari akauzungushia kipande cha sari yake kuukuu ya kijani, ili chuma kisimchubue viganja.

Alfajiri moja waliitoa barabarani, wao wawili. Kesari aliisukuma kutoka kwa muuza maziwa hadi kwenye kona ya hekalu, mgongo umenyooka, polepole, kama mtu aendaye kumtembelea ndugu. Nyuma yake barabara ilibaki safi na hewa ilibaki hewa. Alipofika kona alisimama, akageuka, uso wake umeshangaa.

"Baba Rajjo, wanakaanga jalebi pale."

"Wanakaanga kila siku."

"Kila siku?" Akavuta tena ile harufu tamu, taratibu, kama mwenye kuogopa kuimaliza. "Sikujua."

Ompal aligeukia upande wa pili akajifanya anakaza nati. Furaha ilimpiga vibaya kuliko huzuni ilivyowahi kumpiga, na mwanamume wa kule halii barabarani.

Hapo ndipo angepaswa kunyamaza. Lakini nani aliyewahi kufanya jambo kubwa akanyamaza?

Ilikuwa imekaribia sikukuu ya Vishwakarma, mungu wa mafundi. Siku hiyo hakuna kinachotengenezwa. Spana zinaoshwa, pampu zinafutwa, mashine ya kuchomelea inavishwa maua ya njano, na kila kifaa kinapakwa alama nyekundu ya baraka. Katika uhai wake wote Ompal hakuwahi kuona ufagio wa barabarani ukiwekwa pale. Hata kuutaja siku hiyo ni kama kuitemea mate sikukuu.

"Iache nyumbani," Kesari alimwambia. "Ule ni ufagio tu, una magurudumu."

"Ufagio? Mwanamke, ile ni mashine! Ina ekseli, ina gia, ina cheni. Kama baiskeli inabarikiwa, ile ikose nini?"

"Ikose watu wa kuitazama sana."

"Wacha waitazame."

Aliiosha mpaka debe likang'aa. Fundi Harbans alikuna shingo, akatazama huku na huku, kisha akasema haya, iwekeni pale mwisho. Kuhani alipofika aliuliza hiki ni kitu gani, na Ompal akajibu kwa sauti ya kusikika mpaka nje, "Ni mashine, Panditji." Basi ikapakwa alama nyekundu, ikavishwa maua, mpini wake ukafungwa uzi mwekundu juu ya kile kitambaa cha kijani. Ompal alisimama kando, kifua mbele. Kwa mara ya kwanza kitu cha uchochoro wao kilikuwa kimekaa mbele ya mungu pamoja na vitu vya watu wengine, na wala paa halikuanguka.

Miongoni mwa waliokuja kula laddu tamu za baraka alikuwamo Dubey, daroga, yaani msimamizi wa usafi wa mtaa, yule aliyewaita wafagiaji majina kila asubuhi. Aliizunguka mashine, akausukuma mpini kwa kidole, brashi ikageuka.

"Wewe ndiye uliyeitengeneza?"

"Mimi, Darogaji. Inafagia bila vumbi. Mke wangu Kesari ndiye anayeijua kuitumia."

"Huu si ufagio kabisa."

"Si ufagio, Darogaji. Ni mashine."

"Safi sana. Ilete manispaa. Tutaiweka kwenye barabara yake hiyohiyo."

Ompal aliikabidhi kwa mikono yake miwili, na siku hiyo aligawa laddu uchochoro mzima. Chanderkali alikula yake akamwambia Kesari, "Dada, sasa utakuwa dereva. Usije ukatusahau sisi wa miguu." Kesari alicheka mpaka akakohoa.

Asubuhi ya pili yake wafagiaji walijipanga mbele ya ghala kama kawaida. Mashine ilikuwa pale, maua yake yameanza kunyauka. Kando yake alisimama mwanamume mrefu mwenye masharubu yaliyosokotwa, sare mpya, viatu vipya. Jina lake Rohtash. Hakuwa wa uchochoro wao, na katika ukoo wake mzima hakuna aliyewahi kushika ufagio wa barabarani, na kama si siku hiyo asingekubali hata kivuli chake kiuguse.

"Huyu ndiye mwendeshaji," Dubey alisema. "Kesari, wewe na Chanderkali mtamfuata nyuma. Pembeni na mitaroni, kwa fagio fupi."

Kesari aliutazama mpini. Chanderkali ndiye aliyefungua mdomo.

"Darogaji, ile mume wake kaitengeneza kwa ajili yake. Hata mpini ni kimo chake."

"Ninyi ni watu wa ufagio. Mimi nawanyang'anya ufagio wenu? Fagio zenu hizo hapo. Hii ni mashine, imebarikiwa na kuhani mbele ya macho yangu, na mume wako mwenyewe, Kesari, ndiye aliyeniambia si ufagio. Au alisema uongo?"

Habari ilimfikia Ompal karakanani, akaenda mbio, spana bado mkononi. Alisimama mbele ya Dubey, akaunganisha viganja kwa heshima, akasema yote aliyokuwa nayo: kifua cha mkewe, neno la daktari, alama ya chaki. Dubey alimsikiliza mpaka mwisho, na hilo ndilo lililouma zaidi, kwa kuwa hakuwa na hasira hata kidogo.

"Ompal, wewe ni mtu wa akili. Kazi ikiwa safi, kila mtu anaitaka. Nifanye nini mimi? Na kama kifua cha mkeo hakiwezi tena kazi, niambie waziwazi, niandike hawezi. Chumba kina watu wengi wanaokingoja."

Ompal alisema hapana, Darogaji, anaweza. Akarudi.

Wazee husema kuku wa maskini hatagi, akitaga haangui, akiangua vifaranga huchukuliwa na mwewe. Hawakusema lolote kuhusu maskini anayemwita mwewe kwa mkono wake, akampaka na baraka.

Kwa siku kadhaa Ompal alijizuia kwenda kuangalia. Alipokwenda, alitamani asingekwenda. Rohtash hakupenda lile gunia, kwa kuwa lilibidi kufuliwa kwa mkono kila jioni na lilishika uchafu, kwa hiyo alilikata akalitupa. Sketi ya mpira nayo ilinasa mavi ya ng'ombe, ikabidi mtu aisafishe. Akaing'oa. Kibrashi cha ubavuni kiligusa mtaro, naye asingesukuma kitu kinachogusa mtaro, nacho akakifungua. Brashi sasa ilizunguka uchi. Rohtash alitembea haraka, akitaka kumaliza, na wingu zima lililoinuka lilirudi nyuma kuwapata wanawake wawili waliomfuata wakiwa wameinama, na fagio fupi kuliko zile za zamani. Mmoja alikuwa amesimama ameshika ukuta. Ompal alimtambua kwa namna mabega yalivyoruka.

Alijua kila kipande cha mashine ile. Alijua hakuna kinachokosekana ila vile vitatu, na vitatu hivyo ndivyo alivyovitia kwa ajili ya mkewe.

Kikohozi cha Kesari kilianza kutoa damu kidogo, mwanzo kwenye ncha ya sari, baadaye hata yeye mwenyewe aliacha kuificha. Chakula alikiona mzigo. Ompal alimwambia, "Nitatengeneza nyingine."

"Uipeleke wapi?"

Kesari akamshika mkono, akasema bila ukali, "Pumzika, Baba Rajjo. Ulinipa asubuhi moja. Wengine hawakupewa."

Mwisho wa mwezi Rohtash aliisukuma mashine hadi karakana ya Harbans. Alitaka chai, akapewa, kwa glasi za ndani. Kisha akamwita Ompal kwa kidole.

"Wewe fundi! Mpini wako umekaa chini. Unanivunja mgongo. Ulipimia mbilikimo?"

Mafundi wawili walicheka. Harbans hakucheka, lakini alisema taratibu, "Mfanyie, Ompal. Daroga ndiye aliyemtuma."

Ompal alitazama mashine. Uzi mwekundu ulikuwa bado umefungwa pale, umefifia. Alifikiria kukataa. Aliliona hilo neno lote, akaona na kinacholifuata: Kesari ameandikwa hawezi, godoro nje, mvua. Alivaa miwani ya kuchomelea mapema kuliko ilivyohitajika, ili wasimwone macho.

"Na hicho kitambara ukitoe," Rohtash alisema. "Kinanuka watu."

Akakifungua kitambaa cha kijani, mkunjo mmoja mmoja, akakiweka mfukoni. Akaukata mpini pale alipoupimia, akaongeza bomba, akauchomelea upya kwa kimo cha mwanamume mrefu. Aliuchomelea vizuri, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya vibaya hata siku hiyo. Rohtash akaujaribu, viwiko vyake vikatulia ubavuni.

"Sasa ndiyo," alisema, akaondoka nayo.

Jioni Ompal alimpa Kesari kile kitambaa. Kesari aliijua sari yake. Alikifua, akakianika mlangoni juu ya kamba. Kulipopambazuka alikichukua, akakifunga puani na mdomoni, fundo nyuma ya kichwa, akaokota ufagio mfupi, akaenda kazini.