Kipenzi cha Nahodha

Asikudanganye mtu kwamba kupendelewa ni raha. Mimi nimependelewa, tena na nahodha mzima, na tangu mama anizae sijawahi kuwa mpweke kama siku zile.

Tulikuwa wanne ndani ya banda la bati na vioo, porini kati ya Handeni na Korogwe, tumefungiwa humo tujifunze kuishi mwezini. Watatu ndio wangerushwa, mmoja abaki. Nahodha alikuwa Mbaruku, Mzigua mwenzangu wa Handeni, na safari yake yeye haikuwa na mjadala. Nafasi mbili zilizobaki tulizigombea mimi, Evodia, daktari kutoka Kilole, na Dominiko, fundi umeme, mtoto wa Old Korogwe. Kazi yangu ilikuwa mitambo ya hewa. Na ile safari niliitaka, jamani, niliitaka kuliko kitu chochote.

Mbaruku nilimpenda, sikatai. Alikuwa na sauti ya chini na cheko la polepole, na tulishakubaliana kwamba akirudi watu wake wataleta posa kwetu. Wenzetu walijua na hawakuwa na neno. Shida ilianza alipoanza kunidekeza. Tukitoka nje tulivaa mavazi mazito na vioo usoni, kama tuko mwezini kweli, tunakwenda wawili wawili tumefungana kamba, kufuta vumbi jekundu kwenye paneli za sola. Kazi ngumu, jua linachoma, ukirudi mgongo si wako. Ikifika zamu yangu Mbaruku anasema, "Hafsa, wewe pumzika, ataenda Evodia." Evodia huyo huyo aliyerudi sasa hivi, jasho halijakauka. Nikikataa ananiambia kwa upole kwamba hiyo ni amri ya nahodha. Wenzangu wanatoka, mimi nabaki na chai ya moto ambayo sikuiomba.

Dominiko alinivumilia kwa sababu ni mtani wangu. Babu yake alikuwa Mnyamwezi aliyekuja kukata mkonge, na Mnyamwezi na Mzigua huku kwetu hawaachiani. Asubuhi ananiamsha, "We mtumwa wangu, amka. Mahari yako jogoo mmoja, tena kilema." Namjibu kwamba babu yake alikuja kukata mkonge akasahau njia ya kurudi kwao. Tunacheka mpaka Evodia anatufukuza. Mle ndani hakukuwa na jirani, wala kuku wa kumswaga. Yale matusi ndiyo yaliyonifanya nijione niko nyumbani.

Siku moja tukiwa mezani, Dominiko akasema sura yangu inafanana na panya buku aliyekosa shimo. Nikacheka hadi chai ikanipalia. Mbaruku akaweka kijiko chini.

"Dominiko, hapa hatutukani wanawake. Vyoo utaosha wewe, mpaka nitakaposema basi."

"Mbaruku, huyu ni mtani wangu," nikamwambia. "Umezaliwa Handeni, unataka mimi nikufundishe utani?"

"Utani naujua. Ila wewe sitaki uguswe na mtu."

Mzigua gani huyo anayemwadhibu mtani? Kwetu mtani anaweza kushuka kaburini kabla ya maiti, akagoma kutoka, na watu wakambembeleza badala ya kumpiga. Mbaruku aliyajua hayo yote tangu utotoni. Mapenzi yalikuwa yamemfumba macho.

Dominiko aliosha vyoo bila kunung'unika. Kesho yake akaniambia, "Habari za asubuhi, Hafsa. Naomba chumvi, tafadhali." Tafadhali, mtani wangu. Iliniuma kuliko kama angenizaba kofi. Nikamchokoza, nikamwita mkata mkonge, nikamfichia viatu. Akavitafuta kimya, akavivaa, akanishukuru. Evodia naye akawa ananikwepa. Nikiingia, mazungumzo yanakatika, wanaanza kuzungumzia mvua wakati mle ndani hainyeshi. Nikawa naenda kukaa na mitambo yangu, nasikiliza feni, nalia. Mbaruku akinikuta ananifuta machozi, halafu ananipunguzia kazi.

Ikafika siku ya kuchagua. Mama Raheli, msimamizi wetu, alituita kwa spika kutoka nje, akataka kila mtu aseme mbele ya wenzake nani abaki. Nahodha angesema wa mwisho, na kama tumegawanyika, neno lake ndilo lingekata.

"Hafsa abaki," alisema Dominiko. "Ni mtu mzuri sana. Ila hajazoea kamba."

Alisema kweli. Ningeizoea lini?

Evodia alinitazama nikajua ananimaliza. "Dominiko abaki," akasema. "Umeme nitajifunza. Hewa ikikatika mimi sijui pa kuanzia." Nilitamani kumkumbatia, nikaona aibu.

Mimi nikasema sina wa kumwacha, nawataka wote wawili. Nilikuwa namwangalia Dominiko. Hakuinua macho.

Ikabaki kwa Mbaruku. Na hapo, Mungu anisamehe, nikatulia. Nikajisemea moyoni, upweke wote huu nimeupata kwa ajili yake, leo basi na unifae.

"Hafsa abaki," akasema, akanishika mkono. "Kule mtu anaweza kufa, Mama Raheli. Siwezi kumpeleka huyu. Nataka nikirudi nimkute nyumbani." Akanitabasamia, kabisa, anangoja nimshukuru.

Aliyeuliza ni Evodia.

"Kwa hiyo sisi, nahodha?"

Dominiko alisogea akasimama karibu na Evodia, na mimi sikuwa na wa kusimama naye. Nikautoa mkono wangu mkononi mwa Mbaruku, nikaenda kufungasha nguo.

Walirusha chombo nikiwa Handeni kwa mama. Habari zilikuwa zimenitangulia, na mama yangu, Chausiku, alinipokea kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake muda mrefu. "Mwanangu, mwanamume anayekupenda hivi utampata wapi tena? Amekuokoa."

"Mama, yule sitaolewa naye."

Akanigusa paji la uso aone kama nina homa. Halafu akajifunga khanga, akaenda kuwaita shangazi zangu waje kunipa akili. Nikabaki jikoni peke yangu, nikapepeta mchele wa kuwatosha wote.